Spana Namba Kumi na Tatu

Mmeniuliza mara nyingi, majirani zangu, na kila mara nimewajibu kwa kucheka. Mlituazima kitanda, mkatusaidia kupaka chokaa chumba cha watoto, mmoja wenu akaleta hata beseni jipya la kunawia. Halafu siku ya sita mkaona kigari chetu kinaingia Keko na mikungu mitatu ya ndizi kwenye kiti cha nyuma, na mzee hayupo. Nikasema mzee ameahirisha. Mlikubali kwa adabu, ila niliona mlivyotazamana.

Nawaandikia kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikianza kuisimulia safari hii naishia kwenye vichekesho vya njiani, watu wanacheka, nami nacheka nao ili nisifike mwisho. Safari hii nitafika. Baba mkwe wangu sitamtaja kwa jina, maana kwao Rungwe mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Nimekosa makubwa kuliko hilo, lakini hilo moja bado nalishika.

Keko hadi Iringa

Gari mnalijua. Milango miwili, viti vinne vya kubanana, na watoto wa mtaa wanaliita Kibiriti. Wakati huu wa ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, kila mwenye ndugu Dubai ameleta gari la Kijapani lenye kiyoyozi, sisi tumebaki na Kibiriti kwa sababu mimi nakiweza. Baba yangu alikuwa fundi Korogwe, na alinifundisha kwamba magari madogo ya zamani yana ugonjwa mmoja: kila kitu cha maana kimefichwa chini ya dashibodi, pale dereva anapoweka miguu. Ukitaka kukifikia unalala chali, mgongo kwenye kiti, kichwa chini kwenye pedali, na miguu unaipandisha juu ya egemeo mpaka ining'inie upande wa nyuma. Baba alikuwa mnene, hakuingia. Nikiwa na miaka tisa aliniingiza mimi, na sijatoka mle hadi leo.

Tulikuwa tunakwenda kumchukua mzee kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaziba, la kulia lilibakiza mwanga na vivuli. Daktari hapa Dar alikuwa ametupa siku ya upasuaji, akaonya kwamba tukichelewa sana la kulia nalo litaharibika kiasi cha kutosaidika. Baada ya upasuaji mzee angekaa kwetu miezi miwili. Gwamaka, mume wangu, aliomba likizo kazini, tukaondoka.

Tulifika Mikumi bila neno, tukaharibikiwa katikati ya mbuga. Waya wa mafuta ulichomoka kwenye pedali. Nikaingia mle chini, miguu juu. Gwamaka akasimama mlangoni kunipa vyombo na kulinda nyani, na kazi ya nyani ilimshinda, kwa sababu jike mmoja alipitisha mkono dirishani akaondoka na mkate wetu mzima. Lori la kwenda Zambia lilisimama kwa breki kali. Dereva alikuwa ameona miguu ya mwanamke inaning'inia kiti cha nyuma akadhani ni ajali. Alikuja mbio huku anauliza kama nimeshakufa, nami nikamjibu kutoka chini ya usukani kwamba bado, labda kama ana mkate. Alitupa nusu ya wa kwake.

Hapo ndipo mnapocheka siku zote. Ila naomba mkumbuke jambo moja, maana litakuja kuhitajika. Mimi nikiwa mle chini nasema sana. Nalalamika, nagomba, namtukana aliyelichora gari. Gwamaka hanijibu. Mimi nanyoosha mkono, yeye anaweka spana. Tumeoana miaka kumi na moja na hivyo ndivyo tunavyotengeneza gari.

Iringa hadi Mpuguso

Tulilala Iringa, asubuhi tukaendelea. Makambako tulikula wali na kuku mgumu, na Gwamaka akaanza kunikumbusha mambo ya kwao. Nilikwenda mara moja tu, kwenye msiba wa mama mkwe, na wakati ule msongamano ulinificha. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hali mbele yake, hakai alipokaa, hazungumzi naye. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anapisha. Na mzee ana utaratibu wake: akiwa anakuja mahali ambapo anahisi mkamwana yupo, anakohoa mara mbili ili huyo mkamwana ajifiche.

"Na kwenye Kibiriti nitajificha wapi?" nikauliza. "Ndani ya buti?"

"Tutatundika kanga katikati."

"Na nyumbani? Wewe unatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mtu haoni, na mimi siruhusiwi kuonekana. Nani atamwongoza?"

Gwamaka akachokonoa mfupa wa kuku. "Tutaona," akasema.

Jibu hilo lilinikera kutoka Makambako hadi Uyole, na kutoka Uyole tulipokata kushoto kupanda milima hadi Tukuyu. Sikuwa namchukia mzee, nilikuwa sijamjua hata nimchukie. Nilichukia kwamba jambo zito namna ile lilikuwa limeachiwa mgongo wangu, na mwenye baba anasema tutaona.

Mpuguso tuliingia jioni na mvua. Wifi yangu Bupe, ambaye ndiye anayekaa na mzee, alitupokea na mbalaga, zile ndizi za kupika na nyama, pamoja na maziwa mgando kwenye kikombe cha bati. Nilikula jikoni. Nilikuwa bado natafuna niliposikia nje kikohozi, mara mbili, kikavu, cha makusudi. Bupe akanisukuma nyuma ya mlango.

"Tata anapita," akanong'ona, yaani baba.

Nilichungulia kwenye upenyo, jambo ambalo pia halifai. Niliona mzee mfupi, koti kubwa, kofia mkononi. Alikuwa amegeuza uso upande wa migomba, mbali na jikoni, ingawa hakuwa na macho ya kuniona hata angeugeuza huku. Hilo lilinishangaza. Nilimwuliza Bupe kwa nini mtu asiyeona anageuza uso.

"Dada, si macho hayo. Ni heshima. Siku hizi wengine wamelegeza, hasa vijana wa mjini. Yeye hataki. Anasema mke wa Gwamaka ni mgeni wa mbali, akimlegezea, mgeni huyo ataonekana hana thamani."

Sikulielewa vizuri neno hilo siku ile. Nilidhani Bupe ananibembeleza.

Siku mbili tulizokaa nilisikia vikohozi vile labda mara ishirini. Nilijificha nyuma ya migomba, nyuma ya pipa la maji, mara moja nyuma ya ndama. Asubuhi ya kuondoka nilitundika kanga mwenyewe, nikaibana kwa pini kwenye dari la gari kutoka dirisha hadi dirisha. Bupe akapakia mikungu mitatu ya ndizi na mfuko wa mzee. Juu ya mfuko kulikuwa na bunda la kamba ya katani, nyembamba, yenye fundo kila baada ya hatua moja hivi. Nikadhani ni ya kufungia ndizi. Nikajisemea kwamba aliyeifunga mafundo yale hakuwa na kazi ya kufanya.

Tukuyu hadi Isyonje

Nilikaa mbele, Gwamaka kwenye usukani, na nyuma ya kanga mzee na ndizi zake. Tulikwenda hivyo mpaka Kiwira, ambako polisi wa barabarani alitusimamisha. Alikuwa kijana, buti safi, lafudhi ya Mbeya mjini.

"Bro, mbona umetundika pazia? Nyuma mna nini, sukari ya Malawi?"

Kabla Gwamaka hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya kanga, taratibu. "Nimo mimi, mwanangu. Mbele ni mkamwana wangu."

Yule kijana alivua kofia palepale. "Ndaga, Tata. Nisamehe," akamsalimu kwa lugha ya kwao. Akatupungia tupite, bila kuomba hata leseni. Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama Gwamaka nilimwona ana machozi. Alikuwa na fahari. Nikaona kwamba kwa watu wa pale kanga ile ilikuwa heshima kama kumwekea mtu kiti, na ni mimi tu niliyeiona kuwa ujinga.

Baada ya Kiwira barabara inapanda. Mvua ilikuwa imegeuka nene, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi. Karibu na Isyonje, Gwamaka alikanyaga klachi na pedali ikaanguka ubavu ikalala sakafuni. Akaachia gari likaserereka hadi pembeni.

Nilijua bila kuangalia. Boliti inayoshikilia pedali ilikuwa imechomoka na kudondoka njiani, tukiwa tunarukaruka kwenye mashimo. Boliti ya aina ile haipatikani tena hata Kariakoo. Ila kiti cha abiria kina boliti nne zinazokaribiana nayo, na mtu anaweza kuketi kwenye tatu.

Tatizo lilikuwa miguu yangu. Nikilala chini ya usukani, miguu yangu inaingia nyuma ya kanga, usoni pa baba mkwe. Basi tukafanya mpango. Mimi nilishuka nikatembea hatua thelathini nikawapa mgongo. Gwamaka akamshusha mzee, akamsimamisha chini ya mkaratusi. Akaniita, nikarudi nikafungua boliti ya kiti, nikapiga mbizi. Gwamaka alikuwa amevaa koti letu moja la mvua, lile jeusi, akasimama mlangoni na mwavuli na mfuko wa vyombo.

Mvua juu ya bati la Kibiriti mnaijua. Ukiwa chini ya dashibodi ni kelele tupu. Nilikuwa nahangaika kuingiza boliti, ilikuwa ndefu kidogo, inacheza. Gwamaka alisema kitu. Nikamjibu "haya," kama ninavyomjibu kila siku, bila kusikia.

Alikuwa amesema anakwenda kwenye mashine ya kusaga, mita mia mbili juu ya barabara, kuomba washa, zile pete za chuma za kujazia boliti. Hilo nililijua baadaye.

Nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Siku mbili nzima nilikuwa nimekimbia vikohozi vile kama kuku anavyokimbia kivuli cha mwewe. Na pale, kichwa kikiwa kwenye pedali, damu imenishukia machoni, nilikisikia, na nilichosema ni hiki: "Na wewe usiniletee mafua humu. Nipe kumi na tatu."

Mkono ukaja. Mkono wa koti jeusi la mvua. Ukaniwekea spana kiganjani.

"Hii ni kumi na moja. Kumi na tatu."

Ukaja tena.

"Kumi na nne! Gwamaka, umekuwa kipofu kama baba yako?"

Nami nikaendelea, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, na kwa sababu lile neno la tutaona lilikuwa limenikaa kooni tangu Makambako.

"Maana ndiko tunakoelekea. Tunakwenda kumweka mtu asiyeona kwenye nyumba ambayo mwanamke wake haruhusiwi kumsogelea. Nani atampeleka chooni? Mimi nitamwongoza kwa fimbo, kama ng'ombe? Atakaa sebuleni kama mzigo uliosahauliwa stendi, na mimi nijifiche jikoni kwangu mwenyewe kama mwizi. Miezi miwili! Na macho yenyewe wala hatuna hakika yatafunguka. Angebaki kwake akazeeka kwa raha. Sema basi. Unanyamaza. Ukoo wenu wote hodari wa kunyamaza."

Hakunijibu mtu. Nilisikia vyombo vinagongana mfukoni, kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayepapasa. Halafu mkono ukaja na kumi na tatu. Niliomba koleo, nikapewa koleo. Niliomba bisibisi fupi, nikapewa fupi. Niliposema "shika hapa," mkono ulishika hapo na haukutetemeka. Nikajiambia kwamba maneno yangu yamemwingia leo Gwamaka. Nakiri nilijisikia vizuri. Nilikaza nati ya mwisho nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetapika.

Nikajivuta nje. Aliyeshika mwavuli alikuwa mfupi.

Alikuwa amenipa mgongo, uso wake umeelekea shamba la viazi. Mkono mmoja alikuwa ameunyoosha nyuma, mwavuli umenifunika mimi na mlango wote, na yeye mwenyewe alikuwa nje ya mwavuli. Maji yalikuwa yanateremka kwenye kofia na kuingia shingoni ndani ya lile koti jeusi. Asingeweza kunijibu. Hata ningemwita mzigo siku nzima, asingeweza kunijibu, kwa sababu mimi ni mkamwana wake. Alikuwa ameshakohoa, na hiyo ndiyo sauti pekee aliyoruhusiwa kunipa.

Nilijifunika kichwa nikakimbilia upande wa pili wa gari nikachuchumaa kwenye tope. Gwamaka akateremka barabara kwa mbio, washa mkono mmoja, viazi vya kuchemsha kwenye jani mkono wa pili.

"Umeshamaliza? Tata, mbona umelowa hivyo!"

"Mfua tu hii," mzee akasema.

Isyonje hadi Uyole

Gwamaka alinieleza huku tukila viazi, bila kujua anachonifanyia. Mvua ilikuwa inaniingilia mlangoni, akamvisha baba yake koti, akampa mwavuli, akamwomba asimame akiwa amegeuza uso. "Nilikuambia, ukasema haya." Nilisema ndiyo, nilisema haya. Nikakirudisha kiazi kwenye jani.

Mwendo wa Isyonje hadi Uyole ni mfupi. Nilikaa kwenye kiti cha boliti tatu, kinayumba, na nyuma yangu kulikuwa na kanga, na nyuma ya kanga kulikuwa na mtu anayepumua. Maneno ya kusema nilikuwa nayo. Mkamwana haruhusiwi kuzungumza na baba mkwe, lakini hakuna anayemkataza kumwambia mumewe: mwambie baba yako nimekosa. Maneno manne tu, Gwamaka angeyafikisha palepale. Nilianza kufungua mdomo kwenye kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili nikafikiri: nitamweleza Gwamaka vipi nimekosa nini? Nikaahirisha mpaka Uyole. Nikasema Uyole tukinunua vitunguu nitamvuta pembeni.

Uyole ile mnaijua kwa sifa. Njia panda, mabasi ya watu binafsi yanagombea abiria, mitumba imemwagwa chini, wauza viazi wanagonga madirisha. Kabla Gwamaka hajazima injini, mzee akasema.

"Simamisha gali, mwanangu. Nishushe hapa."

"Unataka kujisaidia, Tata?"

"Nataka kuludi. Nimefikili ndisi sangu. Bupe peke yake hawesi, na msimu huu upepo ni mkali. Daktali mwambie mwaka mwingine."

Gwamaka alicheka, akidhani ni utani. Halafu akashuka, akakunja kiti chake mbele, akamsaidia kutoka, wakasimama kando ya mlango wangu, na nikasikia kila neno. Gwamaka alibembeleza. Alisema siku ya daktari haipatikani mara mbili. Alisema jicho la kulia halitasubiri. Alifika mahali akapandisha sauti, kitu ambacho sijawahi kumsikia akimfanyia baba yake, na baadaye akaishusha akaomba kama mtoto. Mzee alikuwa anajibu kitu kilekile. Ndizi. Upepo. Bupe. Hakunitaja, wala hakusema nimesikia hivi au vile. Alinifunika pale stendi kama alivyonifunika kwenye mvua.

Na mimi nilikaa. Nilitazama mbele, kwenye kioo, mvua ikiteremka. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Ningefungua. Ningepiga magoti kwenye tope la Uyole mbele ya wauza viazi, mwiko ungevunjika, watu wangeshangaa, na mzee angepanda gari. Naamini angepanda. Sikufungua. Na kwa kuwa nimeahidi kufika mwisho, nitasema na hili: chini kabisa, chini ya aibu, palikuwa na kitu kidogo kilichofurahi. Kilikuwa kinahesabu chumba cha watoto, jiko langu, asubuhi zangu. Kitu hicho ndicho kilichoushika mkono wangu.

Basi la kwenda Kyela lilikuwa linanguruma. Kondakta akamshika mzee kwapani, Gwamaka akabeba mfuko. Mzee akapiga hatua mbili, akasimama. Akakohoa mara mbili. Nilifunika uso. Niliposikia hatua zake zinaondoka, Gwamaka alikuwa ameingiza mkono dirishani, ananipa kitu. Ilikuwa spana kumi na tatu.

"Ilibaki kwenye mfuko wa koti. Amesema nimpe fundi," akasema Gwamaka.

Uyole hadi Keko

Hakuna la kusimulia. Kibiriti hakikuharibika hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tukinunue. Nilitamani kiharibike. Gwamaka aliendesha, na kila tulipofika kwenye vizuizi polisi walichungulia nyuma ya kanga wakaona ndizi. Hakuna aliyeitoa kanga ile, si yeye wala mimi. Aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunateremka Kitonga: "Hivi Tata amekasirikia nini?" Nikamwambia wazee wana mambo yao.

Ndizi mlizila, mkazisifu. Kitanda tumewarudishia. Na chini ya mikungu, wakati wa kupakua, nilikuta ile kamba ya katani yenye mafundo, mzee kaisahau. Nikaona ni kamba nzuri haina kazi. Nikaifunga uani, kutoka mwembe hadi nguzo ya choo, nikaanikia nguo. Ninyi nyote mmeshaanikia pale. Mlisema mafundo yanasaidia, nguo haziserereki.

Barua

Wiki iliyopita ilikuja barua kwa mkono wa dereva wa basi. Mwandiko ni wa Bupe, maneno ni ya mzee. Salamu ndefu, kama kawaida. Wajukuu wote kwa majina. Migomba iko salama. Jicho la kulia limefunga, asubuhi na mchana ni sawa, lakini hana maumivu, tusiwe na wasiwasi. Halafu anauliza kama ile pedali bado inashika.

Na mwisho Bupe akaongeza ya kwake: kwamba kuna kamba ilisahaulika kwenye gari, tumpe dereva airudishe. Mzee aliifunga mwenyewe mafundo, fundo moja kila hatua. Mwezi mzima kabla hatujaenda alikuwa anafanya mazoezi nayo, kutoka mlangoni hadi chooni, akihesabu, hadi akaweza kwenda na kurudi peke yake. Alikuwa amekusudia kuifunga Dar, asije akamsumbua mkamwana. Sasa anaihitaji hukohuko.

Gwamaka alinisomea barua jikoni. Aliuliza ajibu nini. Nikamwambia amwandikie mzee kwamba pedali inashika. Akaandika. "Na lingine?" akauliza, kalamu mkononi, na alinitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe. Nikasema hakuna lingine. Lile lingine ndilo nililowaandikia ninyi.

Basi msimlaumu mwizi wala upepo. Juzi mlipokuta nguo zenu zimekunjwa kwenye beseni, na kamba haipo, ni mimi niliyeifungua.